Thamani Inayoachwa Nje ya Hesabu: Elimu ya Mali Isiyohamishika na Funzo la Makongeni

Mwaka 2025, wapangaji wa Makongeni, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli kando ya Jogoo Road jijini Nairobi, walipewa Sh150,000 kwa kila kaya ili wahame na kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Mitaani na magazetini watu walibishana kama pesa hizo ni nyingi au ni kiduchu. Wanataaluma wa ardhi walipaswa kuuliza jambo jingine: kiasi kama hicho hukokotolewaje, na ni nani, nje ya ofisi ya mwenye mradi, anayeweza kukihakiki? Dai langu ni kwamba kituo cha chuo kikuu kinachofundisha mali isiyohamishika na kuhudumia jamii kina wajibu wa kujibu swali hilo hadharani, na kwamba kisipofanya hivyo huduma zake huishia kumnufaisha mteja aliye na uwezo wa kulipa.

Makongeni ilijengwa na mwajiri. Chumba kilifuata kazi, na kazi ilipokwisha chumba kilitakiwa kurudishwa, ingawa wengi walibaki na watoto wao wakarithi upangaji. Mwaka 2006, uendeshaji wa reli ulipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, mitaa kadhaa ya shirika la reli iliingia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kenya Railways. Hapo nyumba zikawa rasilimali ya kulipia pensheni, na wadhamini wa mfuko wakabanwa na sheria watafute faida ya wanachama. Hili husahauliwa na wanaowachora wadhamini kama mabepari watupu. Mzee aliyeendesha garimoshi miaka thelathini anaweza kuwa mpangaji anayehofia tingatinga na, papo hapo, mstaafu ambaye pensheni yake inangoja ardhi hiyohiyo iuzwe kwa bei ya juu.

Mgongano huo uliwahi kufika mahakamani kupitia mtaa mwingine wa mfuko huo, Muthurwa. Katika kesi ya Satrose Ayuma na wenzake, Jaji Isaac Lenaola aliamua Agosti 2013 kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwemo haki ya makazi iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010. Hakuupokonya mfuko umiliki wake. Aliagiza pande zote zikutane na kuandaa utaratibu wa uhamisho unaozingatia hali ya wakazi. Kwa hiyo sheria iliwaita mezani. Lakini mwenye mali huja mezani na wakili, mthamini na msanifu. Mpangaji huja na risiti za kodi na hadithi ya maisha yake. Hadithi humgusa jaji. Haijazi jedwali la thamani.

Na jedwali hilo limejengwaje? Wanafunzi wa uthamini, iwe Chuo Kikuu cha Nairobi ambacho mizizi yake ni Royal Technical College iliyofunguliwa mwaka 1956, au vyuo vilivyokuja baadaye, hufundishwa mbinu tano: kulinganisha na mauzo ya soko, kugeuza kodi kuwa mtaji, kukadiria gharama ya kujenga upya, kupima faida ya biashara, na mbinu ya salio. Tuitazame hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo hutumika ardhi inapongoja kujengwa upya. Unakadiria thamani ya majengo yatakayosimama, unatoa gharama za ujenzi, riba, ada za wataalamu na faida ya mwekezaji. Kinachosalia ndicho anachoweza kulipia ardhi. Mpangaji wa sasa yuko wapi humo? Yumo katika mstari mmoja tu, gharama ya kumhamisha. Mstari huo ukipungua, salio linapanda. Ndiyo maana ploti iliyo tupu huuzwa ghali kuliko yenye watu ndani, na kila broka wa Nairobi analijua hilo bila kuingia darasani. Mbinu yenyewe haina kosa la hesabu. Kasoro ni kwamba humzoesha kijana wa miaka ishirini na mbili kumwona mkazi kama kizuizi kinachopaswa kuondolewa kwa bei ya chini kabisa.

Hesabu ya upande wa pili si ngumu. Tuchukue kaya ya mfano, kwa tarakimu za kubuni: inalipa kodi ya Sh3,000 kwa mwezi katika chumba cha zamani, na itakapohama itapata chumba kimoja kwa Sh9,000. Kutoka kwenye Sh150,000 tunaondoa dipoziti ya mwezi mmoja, Sh9,000, na Sh6,000 za kukodi lori na wabebaji. Inasalia Sh135,000. Pengo la kodi ni Sh6,000 kwa mwezi, kwa hiyo pesa zitaliziba kwa miezi 22 na nusu. Sasa tuseme mama wa nyumba hiyo anauza mandazi mlangoni na kubaki na Sh400 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Akipoteza miezi mitatu kabla ya kupata wateja wapya, Sh31,200 zimekwenda, na kinga imeshuka hadi miezi 17 hivi. Bado hatujagusa nauli ya watoto wanaobaki katika shule ileile, wala mkopo wa chama uliodhaminiwa na majirani ambao sasa wametawanyika. Huenda mtu akabadilisha kila tarakimu niliyoweka hapa. Na abadilishe, kubishaniwa ndiyo kazi ya hesabu iliyo wazi.

Jirani zetu Tanzania wamekwisha kuandika kanuni ya aina hii. Chini ya kanuni za fidia za mwaka 2001 zilizofuata Sheria ya Ardhi ya 1999, fidia haiishii kwenye thamani ya ardhi na jengo. Kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36, na faida iliyopotea ya biashara kwa kipindi hichohicho. Utekelezaji wake una malalamiko chungu nzima, na anayefaidi hasa ni mwenye mali, mpangaji akibaki pembeni. Hata hivyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hukutana na miezi 36 kama sehemu ya fani yake. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2017 za fidia ya ardhi inayotwaliwa kwa lazima huongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Lakini mpangaji wa mwezi kwa mwezi, ambaye ardhi si yake, asilimia 15 ya kitu gani?

Hapa ndipo huduma kwa jamii inapopimwa. Kwa sasa, mafunzo endelevu ya wataalamu wa ardhi hulenga wanachama waliosajiliwa: wathamini, mawakala wa nyumba, mameneja wa mali. Yana umuhimu wake, hasa nchi ilipopata Sheria mpya ya Mali za Kisehemu mwaka 2020 na Sheria ya Nyumba Nafuu mwaka 2024 pamoja na tozo yake ya asilimia 1.5 ya mshahara. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya kaya nane kati ya kumi za Nairobi zimepanga. Hao hawana semina. Hata takwimu za bei na kodi zinazonukuliwa sana hutoka kwa kampuni binafsi, na fahirisi mashuhuri ya HassConsult hufuatilia vitongoji kama Karen, Kilimani na Donholm, Makongeni haimo. Kampuni haina kosa kupima soko la wateja wake. Chuo kikuu cha umma ndicho chenye deni. Mfano upo: kituo cha pamoja cha taaluma za makazi cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1959, hutoa kila mwaka ripoti ya hali ya nyumba Marekani ambayo mtu yeyote anaisoma bure, na mabishano ya sera huanzia hapo.

Mtu atauliza kama chuo kinaweza kweli kufanya kazi hiyo bila kugeuka mwanaharakati. Mukuru, kitongoji duni cha Nairobi, inatoa jibu la kutia moyo. Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vilifanya kazi pamoja na mashirika ya kijamii ya Muungano wa Wanavijiji na Akiba Mashinani, na data zilizokusanywa ziliweka bayana kwamba mkazi wa kitongoji duni hulipia maji ghali kuliko mkazi wa mtaa wa matajiri. Zilikuwa tarakimu, si porojo za siasa. Ila kazi ile iliongozwa na watu wa mipango miji. Fani ya uthamini haikuwa mstari wa mbele, ilhali ndiyo inayoandika tarakimu anazosaini mwekezaji.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Idara nyingi hutegemea ada za ushauri, na anayelipia ushauri ni serikali au mwekezaji. Sioni njia ya kulikwepa hili ila kwa kanuni: idara inayothamini ardhi kwa niaba ya mwenye mradi ichapishe mbinu yake ya kukadiria gharama za uhamisho, na isipewe pia kazi ya kuwashauri wakazi wa mradi huohuo. Maprofesa watakaoona kanuni hiyo ni mzigo wajiulize kwa nini.

Wakati wa kuanza si baada ya notisi kubandikwa mlangoni. Mpango wa kaunti wa kujenga upya mitaa ya zamani umezitaja Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani, na katika mitaa hiyo bado inawezekana kupita nyumba kwa nyumba na kuandika kodi inayolipwa, biashara zilizo mlangoni, shule wanazosoma watoto na miaka ambayo kila kaya imeishi hapo. Darasa moja la mwaka wa tatu, likiongozwa na mwalimu mmoja na wazee wa mtaa, linaweza kuifanya kazi hiyo katika muhula mmoja na kuyaweka matokeo mahali ambapo mpangaji, mdhamini wa pensheni na waziri watayasoma kwa pamoja. Idara za mali isiyohamishika za Nairobi zianze na Ziwani, na zianze muhula ujao.