Shilingi 40: Asili ya Kima cha Shauri katika Mahakama za Chini

Mfasiri wa sheria za mahakama hukutana mapema na jambo ambalo kwa juu juu ni la hesabu tu: kwamba mahakama fulani inaruhusiwa kusikiliza shauri la madai iwapo thamani ya kinachodaiwa haizidi kiasi fulani cha fedha. Katika nyaraka nyingi jambo hili huitwa "mamlaka ya kifedha". Makala haya yanakusudia kueleza asili ya mpaka huo, na kuonyesha kwa nini jina hilo halitoshi.

Chanzo chake ni Uingereza. Mwaka 1278, katika utawala wa Mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria mjini Gloucester iliyosema kwamba mtu aliyenyang'anywa mali hatapewa hati ya kushtaki mbele ya majaji wa mfalme mpaka aape kuwa mali hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 40 au zaidi. Kusudi lilikuwa kuwaondolea majaji hao usumbufu wa mashauri madogo, ambayo yangeweza kumalizwa katika mabaraza ya mahali. Sheria haikusema neno lolote la kuyazuia mabaraza hayo yasisikilize mashauri makubwa. Lakini wanasheria waliofuata waliisoma kinyumenyume: ikiwa majaji wa mfalme hawapokei shauri lililo chini ya shilingi 40, basi baraza la mahali nalo halina ruhusa ya kupokea shauri lililofikia shilingi 40. Kiasi kilichokuwa sakafu ya mahakama moja kikageuzwa kuwa dari ya nyingine. Msomaji ataona kwamba hapo hapakuongezwa sheria mpya. Palikuwa na tafsiri tu.

Zama zile kibarua alilipwa peni 2 kwa siku, au pungufu. Shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo shilingi 40 zilikuwa ujira wa siku 240 au zaidi. Hakika hilo lilikuwa shauri kubwa. Lakini miaka 500 baadaye kibarua wa London alipata takriban shilingi 2 kwa siku, na kiasi kile kile kikawa ujira wa siku 20. Tarakimu ilibaki imesimama katika vitabu vya sheria hali uzito wake umekwisha. Fundi aliyedai shilingi 50 za kazi yake hakuweza tena kuzidai karibu na nyumbani. Ilimpasa aende katika mahakama za mfalme, ambako gharama zingeweza kuzidi deni lenyewe. Wengi, bila shaka, waliona heri kusamehe. Baadhi ya miji ilipewa mahakama maalumu za madeni madogo, lakini nafuu ya nchi nzima haikupatikana hadi 1846, Bunge lilipoanzisha mahakama mpya za kaunti zenye mpaka wa pauni 20, yaani shilingi 400. Mwaka 1850 mpaka huo ukapandishwa hadi pauni 50.

Kwetu wazo hili liliingia kwa njia ya India. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908 ilitumika Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, mpaka Tanzania ilipotunga ya kwake mwaka 1966, mwaka ule ule ilipozaliwa shilingi ya Tanzania. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kinaagiza kwamba shauri lifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Hati ya madai nayo hapana budi itaje thamani ya kinachodaiwa, kwa ajili ya kujua mahakama ipi na ada kiasi gani. Ngazi zenyewe zilipangwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, kisha ile ya 1984.

Viwango vimebadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 Mahakama ya Mwanzo iliwekewa shilingi milioni 30 kwa deni litokanalo na mkataba. Mahakama ya Wilaya iliwekewa milioni 300 kwa mali isiyohamishika, na milioni 200 kwa madai mengine yanayoweza kukadiriwa kwa fedha; mashauri ya biashara yana viwango vyake mbali. Shilingi 40 za leo hazinunui hata kiberiti.

Sasa turudi kwenye istilahi. Mtu asiye mwanasheria akisikia "mamlaka ya kifedha" hudhani ni chombo kinachosimamia fedha, na dhana hiyo si ya kulaumiwa, kwa kuwa maneno yenyewe ndivyo yasemavyo. Sheria inazungumzia mpaka wa mamlaka unaopimwa kwa thamani ya shauri. Tunapendekeza "kima cha shauri". Neno kima si geni: kila mfanyakazi anajua kima cha chini cha mshahara. Tena linatuwezesha kutenganisha yale yaliyochanganywa baada ya Gloucester: kima cha chini ni cha mahakama ya juu, na kima cha juu ni cha mahakama ya chini.

Liko kosa dogo zaidi lenye madhara makubwa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusoma rasimu ya tafsiri iliyoandika "chini ya shilingi milioni 200" mahali ambapo sheria inasema thamani isizidi kiasi hicho. Mdai wa milioni 200 kamili, akiifuata rasimu hiyo, atakwenda Mahakama Kuu, ambako anaweza kuambiwa arudi Mahakama ya Wilaya baada ya kupoteza nauli na miezi. "Isiyozidi" hukijumuisha kiasi kilichotajwa. "Chini ya" hukiacha nje. Vivyo hivyo "isiyopungua" hukijumuisha na "zaidi ya" hukiacha. "Hadi" hutumiwa kwa namna mbili, nasi tungependa isitumike kabisa katika vifungu vya aina hii.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Anayesoma kifungu hicho masijala hatakuwa na matini ya Kiingereza mkononi ya kumsahihisha mfasiri.