Franga ya pembe sita: tembo wetu alitoka Marekani

Katika sanduku ya chuma ya marehemu nyanya yangu tulikuta kifurushi cha kitambaa. Ndani yake: funguo mbili, shanga chache, na sarafu moja ya rangi ya manjano yenye pembe sita. Upande mmoja kuna tembo. Kijana mmoja wa jirani alipoiona akasema: « Ni zahabu hiyo, uza! » Mwenzake akajibu: « Ni shaba tu, tupa. » Wote wawili walikosea, na kosa lao njo limenifanya niandike kurasa hizi.

Sarafu ile ni ya franga mbili, ya mwaka 1943. Wakati ule Ubeleji ulikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940, na koloni haikuweza tena kuletewa feza kutoka Brussels. Kwa hiyo kazi ilipelekwa Marekani, katika kiwanda cha serikali cha Philadelphia, na huko zikapigwa sarafu milioni 25 za namna ile. Si zahabu, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Lakini ilitoka katika nyumba ileile iliyozaa dola ya kwanza.

Jina « dola » si la Marekani. Karibu mwaka 1520, katika bonde la Joachimsthal, Ulaya ya kati, walianza kupiga sarafu kubwa za feza nyeupe zilizoitwa « taler ». Jina likatembea, likabadilika midomoni. Marekani ilipoweka sheria yake ya feza mwaka 1792, dola moja ilipaswa kuwa na gramu 24 hivi za feza safi. Sarafu za kwanza za dola zilitoka mwaka 1794. Baada ya zahabu kuvumbuliwa California mwaka 1848, wakapiga sarafu ya zahabu ya dola 20. Zote hizo zilikubaliwa kwa uzito wake: ukiiyeyusha, mali inabaki.

Na sisi huku? Hatukungojea mzungu atufundishe soko. Kandokando ya ziwa Kivu, katika karne ya 19, watu walinunua maharagwe, mbuzi na majembe kwa butega, yaani bangili za nyuzi za msituni zilizosukwa na Watembo. Butega haikuwa na uzito wala sura ya mfalme. Ilikubaliwa kwa sababu watu wa ng'ambo zote mbili za ziwa walikubaliana.

Pwani ya Zanzibar, wakati huohuo, wafanyabiashara walihesabu kwa riale, ndugu ya ile taler, yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780 ambao haubadiliki. Wamarekani, waliofanya mapatano na Sayyid Said mwaka 1833, walileta nguo ambayo mpaka leo inaitwa merikani. Misafara iliyoingia Maniema kutafuta pembe za ndovu ilibeba nguo na shanga kuliko sarafu. Kwa hiyo Marekani ilitufikia kwanza kama nguo, kisha kama franga, na mwishoni kama noti.

Zahabu ilipita karibu nasi pia. Mwaka 1916, Wajerumani waliozingirwa na vita walipiga Tabora sarafu ya zahabu ya rupia 15, nayo yenye tembo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, askari wa Force Publique wakauteka mji wa Tabora. Serikali iliyopiga sarafu ile ikaondoka. Zahabu yake ikabaki.

Hata Marekani yenyewe iliacha. Mwaka 1933 rais Roosevelt aliamuru raia warudishe zahabu yao kwa serikali, na mwaka 1965 feza ikaondolewa katika sarafu ndogo. Dola tunayoishika Goma ni karatasi tu. Inasimama kwa sababu tunaikubali, sawa na butega.

Na kukubali kunaweza kukatika. Tuliona likuta na zaire za mwaka 1967, zaire mpya ya 1993 iliyokatwa sifuri, kisha franga ya 1998. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, benki zilifunga milango; noti za franga zikachakaa mikononi, wauzaji wakaanza kuzikataa. Mama mwenye noti iliyopasuka alirudi nyumbani bila unga, na noti ile ilikuwa bado na sahihi ya Benki Kuu. Hapo nilielewa kwamba feza ni neno la watu kabla ya kuwa chuma ao karatasi.

Njo maana nawaomba: kabla ya kuuza ao kutupa sarafu ya mzee, muulize kwanza aliipata wapi, alinunua nayo nini, ilikuwa mshahara wa siku ngapi. Andikeni majibu. Tembo wa pembe sita anauzwa kwa bei ndogo sana. Lakini nyanya aliyeifunga katika kitambaa miaka yote ile alikuwa na sababu yake, na mimi sikumuuliza.