Wagombea wa Ukambani na Mambo ya Nchi za Nje

Kitui na Makueni ni nchi ya mvua haba. Mvua zake ni za misimu miwili kwa mwaka, na aghalabu mmoja kati ya hiyo miwili hukosa. Mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi kadhaa, na mtu atakaye maji hana budi kuufukua mchanga huo mpaka maji yachimbuke, ayateke kwa kata, aijaze mitungi na kumtweka punda. Namwomba msomaji aishike picha hiyo. Kila mgombea aliyepata kusimama hapa kuomba kura amesimama mbele ya watu waliotoka mtoni au waliokuwa njiani kwenda mtoni, na kuwaeleza watu wa namna hiyo habari za vita vya nchi nyingine si kazi nyepesi.

Walakini mambo ya mbali yaliingia katika siasa za Ukambani hata kabla Mwafrika hajapewa kura. Mwaka 1938, wakati Makueni ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kupunguza ng'ombe wao kwa hoja kwamba malisho yamekwisha na ardhi inamomonyoka. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wake kwa waume, kwenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kutumia nguvu. Kwa nini? Wanahistoria hutaja sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba vita vilikuwa vikinyemelea Ulaya, na Wakamba walikuwa nguzo kubwa ya jeshi la Keya. Mkoloni hakutaka kuwaudhi watu ambao angewahitaji kesho wamshikie bunduki. Basi ng'ombe wa Machakos walipona, kwa sehemu, kwa sababu ya hofu ya vita iliyokuwa Ulaya.

Tuje kwa wagombea wenyewe. Bwana Stephen Kalonzo Musyoka alizaliwa Tseikuru, upande wa Mwingi, mahali pakavu hata kwa kipimo cha Kitui. Aliingia Bungeni mwaka 1985, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje mara mbili: tangu 1993 hadi 1998, na tena tangu 2003 hadi 2004. Katika kipindi hicho cha pili Kenya ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo mawili makubwa ya amani, ya Sudan na ya Somalia. Mapatano ya Sudan yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, baada ya yeye kuhamishwa wizara.

Alipogombea urais mwaka 2007 alikuwa na sifa ambayo wagombea wachache waliweza kuidai, ya mtu aliyeshiriki kuwapatanisha majirani. Alipata kura kama 9 katika kila 100, akawa wa tatu, na nyingi za kura hizo zilitoka Ukambani. Sidhani kwamba Sudan ilimpatia kura nyingi. Watu wa kwao walimpa kura kwa kuwa ni mwana wao, na wengi wa mikoa mingine walishikamana na wana wao vilevile. Mwenzake wa Kitui, Bibi Charity Ngilu, mzaliwa wa Mbooni, aliyegombea urais mwaka 1997, alikuwa Waziri wa Maji tangu 2008 hadi 2013. Mpiga kura wa kawaida huelewa upesi zaidi neno la wizara hiyo kuliko neno la Naivasha au Mbagathi, walikokaa wapatanishi.

Uchaguzi huo wa 2007 ulizaa fujo zilizoua watu zaidi ya 1,100, na fujo hizo zikaifikisha Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Mapema mwaka 2011 Bwana Kalonzo, sasa Makamu wa Rais, alizunguka katika nchi za Afrika akiomba ziunge mkono kuahirishwa kwa kesi hizo. Umoja wa Afrika ulikubali, Baraza la Usalama halikukubali, na nyumbani wengi walinung'unika juu ya gharama ya safari zile.

Tarehe 11 Februari 2013 Wakenya waliona kwa mara ya kwanza wagombea wote wa urais, watu 8, wakijibizana mbele ya televisheni. Hapo Bwana Raila Odinga, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa Bwana Kalonzo yuleyule, alimwambia Bwana Uhuru Kenyatta kwamba itakuwa taabu kuongoza serikali kutoka The Hague kwa njia ya mtandao. Bwana Uhuru akajibu kwamba hilo ni jambo lake binafsi, naye angeweza kuitumikia nchi huku akijitetea. Tazama jinsi jambo la nje lilivyogeuzwa likawa la ndani: mmoja alilitumia kama kasoro, wa pili akalipunguza likawa mzigo wa mtu mmoja. Aliyelipunguza ndiye aliyeshinda tarehe 4 Machi, kwa asilimia 50.07.

Mwaka 2022 mambo yalikuja kwa njia ya tumbo. Mvua ilikuwa imekosa misimu kadhaa, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya ngano, mafuta na mbolea. Mwezi wa Julai serikali iliamuru pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 100. Katika mdahalo wa mwezi huohuo Bwana William Ruto alisimama jukwaani peke yake, kwani Bwana Raila hakuhudhuria; na gharama ya maisha ilikuwa miongoni mwa maswali makuu aliyoulizwa.

Chuoni kwetu niliwahi kuwapa walimu wanafunzi zoezi la mdahalo wa namna hiyo. Kijana mmoja wa Makueni aliigiza mgombea, akaeleza kwa ufasaha jinsi atakavyoleta amani Somalia. Msichana wa Kitui mashariki akanyosha mkono. "Ukisha kuwapatanisha wa Mogadishu," alisema, "nani atatupatanisha sisi na wenye ngamia wanaoingia mashambani mwetu?" Kijana alikaa kimya, kisha akaomba muda. Siku ya pili alirudi na ramani, akatuonyesha kwa kidole barabara itokayo Thika, ipitayo Mwingi, iendayo Garissa na kambi za wakimbizi za Dadaab, akaanza hotuba yake upya kutoka Mwingi.