Ng'ombe na Asiye Ng'ombe: Jinsi Watoto wa Kipushi Walivyopata Lugha

Nani aliyewafundisha watoto wa Kipushi Kiswahili? Swali hili laonekana jepesi, kumbe sivyo. Wengi wa wazee waliokuja kuchimba shaba hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikuja na Kibemba, Kiluba, Chiluba cha Kasai, Kinyarwanda na lugha nyingine nyingi. Kusema kwamba shule iliwafundisha hakutoshi, kwani mtoto hufika shuleni akiwa amekwisha kusema. Basi walikitoa wapi?

Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo tangu 1966 yaitwa Lubumbashi, katika mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Huko Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, kwenye mpaka wa Zambia ya leo, watu walianza kuchimba chini ya ardhi katikati ya miaka ya 1920. Wafanyakazi wa kwanza wa Kampuni walikuwa hasa wanaume wasio na wake zao, walioandikwa kwa miezi michache, kisha wakarudi makwao. Wengi walitoka Rodesia ya Kaskazini, na Wazungu wa kutoka kusini waliwaamuru kwa Fanagalo, lugha ya migodi ya Afrika Kusini. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Katanga pamoja na biashara ya siku za Msiri, aliyeuawa mwaka 1891; baadaye kikashikwa na wakubwa wa kazi, na misioni pia.

Karibu na mwaka 1928 Kampuni ilibadili desturi yake. Ilitaka mtu aandikwe kwa miaka mitatu, tena aje na mkewe. Hapo ndipo kambi zilipoanza kuwa na watoto wengi. Fikirini basi mtoto wa miaka miwili katika safu ya nyumba za kambi. Mama wa nyumba hii asema amenshi, wa pili mema, wa tatu amazi. Na watoto uwanjani, wakiwa na kiu, wasema mayi. Yote ni maji yale yale ya bomba moja.

Mtoto hana kamusi. Afanyeje?

Mt. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliliwaza jambo hili. Katika Maungamo, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, asimulia jinsi wakubwa walivyotaja kitu huku wakikielekea kwa mwili na macho, naye akashika kwamba sauti ile ni jina la kitu kile. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba kuonyesha hakutoshi. Mwaka 389 alikuwa ametunga kitabu cha mazungumzo pamoja na mwanawe Adeodato, kijana mwenye akili kali, aliyekufa angali mdogo. Humo lipo tatizo hili: mtu anayetembea akiulizwa kutembea ni nini, aongeze mwendo ili aonyeshe, mwulizaji atajuaje kama ameonyeshwa kutembea au kuharakisha? Mzazi aliyewahi kumnyoshea mtoto kidole, na mtoto akatazama kidole tu, amelionja tatizo hilo.

Augustino alifariki mwaka 430. Nusu karne baadaye alizaliwa huko Bara Hindi mtu aitwaye Dignaga, mfuasi wa Buda, mtaalamu mkubwa wa mantiki. Msishangae kumwona hapa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitamka kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Dignaga alifundisha kwamba neno hufanya kazi kwa kutenga. Mfano wa wanafikra wa huko ulikuwa ng'ombe. Ng'ombe wawili hawafanani kabisa: mmoja mweusi, mwingine ana madoa. Tusitafute, asema, kitu kimoja cha siri kikaacho ndani ya ng'ombe wote. Neno "ng'ombe" laondoa tu wote wasio ng'ombe: farasi, mbuzi, mti, jiwe.

Wapinzani hawakukawia. Kumarila, mtaalamu wa Kihindu wa karne ya 7, aliuliza: nitamjuaje asiye ng'ombe, nisipomjua ng'ombe kwanza? Hoja nzuri sana! Mbuda Dharmakirti, wa karne ile ile, alijibu kwa mfano wa majani ya dawa. Majani mbalimbali hupunguza homa, na hata hivyo hayana sura moja. Twayaweka pamoja kwa sababu ya kazi yanayotufanyia. Mimi jibu hili lanipendeza kuliko mafundisho ya Dignaga mwenyewe, kwa maana ni la mtu aliyetazama maisha. Mtoto naye huita kiti kila akikaliacho, iwe kigoda au debe lililopinduliwa.

Katika siku zetu wataalamu wamewapima watoto kwa jambo linalokaribia fundisho hilo. Mwaka 1988, huko Marekani, Ellen Markman na Gwyn Wachtel waliwawekea watoto wadogo vitu viwili, kimoja chenye jina walilolijua, kingine kigeni. Waliposikia jina jipya, watoto walielekea kukichagua kile kigeni: hiki kina jina lake tayari, basi neno hili si lake. Ni kutenga kabisa! Lakini mwaka 2009, huko Kanada, Krista Byers-Heinlein na Janet Werker waliwapima watoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Wale wa lugha moja walitenga vizuri; wale wa lugha mbili kidogo tu; wale wa lugha tatu hawakuonyesha kutenga huko. Nao wana haki. Aliyezaliwa kati ya lugha tatu amekwisha kuonja kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina matatu.

Huyo ndiye mtoto wa kambi. Nadhani yeye hakutenga vitu kwanza, alitenga watu. Amenshi ni la mama; mayi ni la wenzangu. Na kwa kuwa wenzake hawakuwa na lugha ya mama mmoja, lile la uwanjani likashinda. Ndivyo Kiswahili kilivyoacha kuwa lugha ya amri kazini, kikawa lugha ya mama kwa kizazi kilichofuata.

Hakikuwa, lakini, Kiswahili cha Unguja. Mbeljiji Edgar Polomé alikieleza katika makala ya mwaka 1968. Watu husema mutoto na batoto, kitu na bitu, kamutoto na tutoto. Ni mara ngapi mwalimu amewakemea watoto kwa ajili ya hayo, akiyaita uvivu wa ulimi! Mwalimu ana haki ya kufundisha Kiswahili cha kitabuni, wala simwondolei kazi yake. Ila neno uvivu halifai. Tazameni: Kiluba, Chiluba na Kinyarwanda vyote vina ba kwa watu na bi kwa vitu vingi. Ka na tu za udogo zimo katika hizo zote, na katika Kibemba pia. Majina ya maji yaliwatenganisha wamama, yakaachwa mlangoni. Silabi hizi ziliwaunganisha, zikabaki, bila mkutano wowote wa wazee wala amri ya mkubwa wa kambi.

Na lugha hiyo ilipata hata kitabu chake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Hakuiandika kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili cha pwani, bali kwa maneno ya mjini mwake. Mwaka 1990 Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliitoa kwa chapa pamoja na tafsiri na maelezo, naye akaacha maneno ya Yav yasomeke jinsi yalivyoandikwa.