Barabara ya Wanajeshi

Kitu cha kwanza kilichonikumbusha nyumbani nikiwa kusini mwa Australia kilikuwa harufu. Tulikuwa tumesimamisha gari Kennett River, kijiji kidogo kando ya bahari, tumeinua shingo tukitafuta koala juu ya miti. Koala mwenyewe hana haraka na maisha. Anaweza kulala saa 20 kwa siku, kwa hivyo unachoona ni tonge la manyoya lililokwama kwenye panda ya tawi. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nanusa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo, na majani ya mkaratusi yalinukia vile vile yanavyonukia nyuma ya nyumba ya Kogo, nyanya yangu, kule Kericho, ambako miti hiyo hukatwa kuni za kukaushia majani chai viwandani.

Nikamtumia picha moja ya koala. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Huyo mnyama amepanda mti wetu."

Ilibidi nimwambie ukweli. Mti ni wa huku. Waingereza waliuleta Kenya mwaka 1902 kwa sababu garimoshi lilihitaji kuni. Kogo alinyamaza siku nzima. Alikuwa amekasirika, najua.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimetua Melbourne na begi moja la mgongoni na bajeti ya kula tambi kila usiku. Hosteli niliyolala ilikuwa karibu na Queen Victoria Market, soko kubwa la jiji. Nilienda kutafuta matunda ya bei ya chini, nikakuta nguzo ya mawe ya mwaka 1881, ya kumkumbuka John Batman, mmoja wa waanzilishi wa jiji. Maandishi yake yalidai kwamba alipofika 1835 mahali hapo hapakuwa na mtu. Chini yake kulikuwa na kibao cha miaka ya juzi juzi kikikanusha. Na kumbe Batman mwenyewe alijua kuna watu, kwa sababu Juni 1835 alikaa chini na wazee wa Wawurundjeri akadai amenunua kwao kama ekari 600,000 kwa mablanketi, visu, mashoka, vioo na unga. Miezi miwili baadaye Gavana Richard Bourke akatangaza mkataba huo ni bure: wenyeji hawawezi kuuza ardhi, maana ni ya mfalme wa Uingereza. Hebu fikiria. Unadanganywa kwenye bei, halafu unaambiwa hata hukuwa na cha kuuza.

Hosteli ndiko nilikokutana na Mjerumani mmoja na Mkorea mmoja waliokuwa wamekodi gari na wanatafuta mtu wa tatu wa kuchangia petroli. Tukaingia Great Ocean Road.

Hii barabara ina urefu wa kilomita 240 hivi, kutoka Torquay hadi Allansford, na kwa sehemu kubwa imebanwa kati ya mwamba na bahari. Nilidhani ni barabara ya watalii tu. Pale Eastern View unapita chini ya lango la magogo, na kando yake kuna sanamu ya shaba ya wafanyakazi wawili na zana zao. Tukashuka kusoma. Wanajeshi wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia ndio walioichimba, kuanzia 1919 hadi 1932, kwa sururu, sepetu na baruti, kama kumbukumbu ya wenzao waliofia vitani. Yaani kilomita zote hizo ni mnara wa vita. Unaendesha gari juu ya kumbukumbu.

Nilisimama pale muda mrefu, hadi Mjerumani akapiga honi. Mwaka wa 1919 mimi naujua. Naujua kwa sababu ya Kogo.

Baba yake Kogo alikuwa kijana mchungaji wakati huo. Alisimulia kwamba wazungu walikuja na minyororo ya kupimia, wakachomeka vigingi kwenye malisho, kisha familia zikaambiwa zihame. Waliofuata walikuwa wazungu wengine, mmoja hana mguu, mwingine mkono haufanyi kazi. Nilipokua nikaja kusoma kwamba haikuwa hadithi ya mzee. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilitenga kama ekari 25,000 Kericho kwa maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa, walime kitani. Kitani kina maua ya bluu. Mzee alikuwa akisema kilima kizima kiligeuka rangi ya anga. Kisha bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa baada ya miaka michache, na wale maafisa wakaondoka. Ungetarajia ardhi irudi kwa wenyewe. Ilienda kwa chai. Kogo amechuma chai kwenye kilima hicho hicho miaka 30, kwa kilo.

Na Waafrika waliobebeshwa mizigo katika vita hivyo hivyo, wale wa Carrier Corps walioipa Kariakor jina lake? Walikufa kwa makumi ya maelfu. Sijawahi kusikia mpagazi aliyegawiwa ekari hata moja.

Twelve Apostles, ile miamba maarufu iliyosimama baharini, sitapoteza muda nayo. Haikuwahi kufika 12, mmoja ulianguka 2005, na upepo pale unaweza kukubebea kofia hadi Tasmania. Ni maridadi kuliko picha. Basi.

Tower Hill ndiko kulikoniteka. Ni volkano iliyolala karibu na Warrnambool, kuna ziwa ndani yake, na emu wanakupita njiani kama mbuni wenye dharau. Kangaruu walikuwa wamelala kivulini kama vijana wa stejini saa nane mchana. Ukiona msitu ule utaapa umekuwepo tangu dunia iumbwe. La hasha. Walowezi waliukata, wakalima na kulisha mifugo, pakabaki kipara. Miaka ya 1960 watu walipoamua kuurudisha, swali likawa: ulikuwaje? Jibu walilipata kwenye mchoro. Mwaka 1855 Eugene von Guérard, mchoraji mzaliwa wa Vienna, alikuwa amechora Tower Hill kwa makini sana, jani kwa jani, kiasi kwamba wataalamu waliweza kutambua mimea na kuipanda upya. Nilikaa juu ya jiwe nikijiuliza kama kuna mtu aliwahi kuchora kilima chetu kabla ya vigingi.

Siku iliyofuata tulifika Tae Rak, ziwa ambalo ramani za zamani huliita Lake Condah. Hapa ni nchi ya Wagunditjmara. Volkano ya Budj Bim ilimwaga mawe meusi uwanda mzima, na watu hawa wakayapanga mawe hayo kuwa mifereji, vizuizi na mabwawa ya kufugia mikunga, wale samaki warefu. Mwishoni mwa mfereji waliweka vikapu virefu vilivyosukwa, mkunga anaingia kichwa kwanza. Kazi hiyo ina umri wa miaka 6,600 angalau. Walijenga pia nyumba za mawe. Misingi bado ipo, niliikanyaga kando kwa heshima. UNESCO iliorodhesha mahali hapa kuwa Urithi wa Dunia 2019. Nikakumbuka ile nguzo ya sokoni, nikacheka peke yangu.

Mwongozo wetu, mwenyeji wa hapo, ndiye aliyetueleza kuhusu Reg Saunders. Mgunditjmara, alilelewa hapo Lake Condah. Katika Vita vya Pili alipigana Ugiriki, Krete na New Guinea, na 1944 akawa mtu wa kwanza wa wenyeji asilia kupewa cheo cha ofisa katika jeshi la Australia. Mwaka 1951 aliongoza kikosi huko Kapyong, Korea. Mkorea wetu aliposikia jina la Kapyong akavua miwani.

Sasa sikiliza. Baada ya Vita vya Pili, ardhi ya hifadhi ya Lake Condah ilikatwa mashamba ya kuwagawia wanajeshi waliorudi. Wagunditjmara waliopigana hawakupewa. Ardhi ya kwao, vita walivyopigana wao, na zawadi ikaenda kwa wengine. Mwongozo alisema hayo huku akitupa kokoto majini, sauti haikupanda wala kushuka. Nilitamani kumwambia kuhusu maua ya bluu. Nikamwambia. Akauliza jina la mahali, nikalitaja mara mbili, akalirudia vizuri kabisa: Kericho.

Nilimpigia Kogo nikiwa Adelaide, nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa katikati ya jiji unaoitwa Victoria Square, na pia Tarntanyangga kwa lugha ya Wakaurna, wenyeji wa pale. Nikamsimulia yote. Hasira ya mkaratusi ilikuwa imepoa.

"Walirudishiwa?" akauliza.

"Kiasi. Kesi ilichukua miaka 11. Mahakama ikawatambua 2007. Ziwa lilikuwa limekaushwa, wamelirudishia maji."

"Na hao samaki wanafananaje?"

"Kama nyoka, Kogo."

"Ukala?"

"Nikala. Wa kukaushwa kwa moshi."

Alicheka hadi akakohoa. Nikamsikia akimwambia shangazi, kwa Kikipsigis, kwamba mtoto ameenda ng'ambo kula nyoka. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imebadilika.

"Waulize hao watu walitumia wakili gani."