Istilahi ya Kimeng'enya Nje ya Maji

Mwaka 1833 Wafaransa Payen na Persoz walipata katika kimea cha shayiri dutu igeuzayo wanga kuwa sukari. Mpika pombe wa Mbangala, mkoani Songwe, huipata kazi hiyo katika kimea cha ulezi. Katika miaka ya 1870 Kühne, Mjerumani, aliziita dutu hizo kwa neno la Kiyunani lenye maana ya "ndani ya chachu". Sisi tulichukua kitenzi kumeng'enya.

Lakini mwaka 2000 kimeng'enya kivunjacho protini kilitiwa katika kiowevu cha ayoni, yaani chumvi iliyo majimaji yenyewe, nacho kikaunganisha badala ya kuvunja. Je, istilahi ibadilishwe? Twaona ibaki: asili ya neno haiwekei maana yake mpaka.