Kisanduku cha nenosiri na ugomvi wa nani abebe hasara

Imetimia robo karne tangu Visa ilipoleta, mwaka 2001, utaratibu wa kumtaka mwenye kadi athibitishe kuwa ni yeye kabla ya kulipa mtandaoni. Kitaalamu unaitwa 3-D Secure. Wanunuzi waliufahamu kwa jina la Verified by Visa. Toleo lake la kwanza liliachwa Oktoba 2022, na sijasikia aliyelililia.

Kabla yake palikuwa na SET, iliyotangazwa na Visa na Mastercard mwaka 1996, ambayo ilimtaka mnunuzi aweke programu na cheti cha kidijitali kwenye kompyuta yake. Wachache mno walijisumbua. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi nazo zilithibitisha tu kwamba anayelipa ameiona kadi.

3-D Secure haikumtwisha mnunuzi kazi hiyo. Akishabonyeza kulipa, duka lilimpeleka kwa benki yake, benki ikamuuliza nenosiri, kisha ikalijibu duka. Mastercard ikafuata na SecureCode. Ila kilichoyavuta maduka hakikuwa nenosiri. Duka lililojiunga lilivuliwa mzigo: muamala ukigundulika ni wa wizi, hasara ilihamia benki. Nayo benki, ikishika rekodi kwamba nenosiri sahihi liliandikwa, ilipata pa kuisukumia, yaani kwa mteja.

Hapo ndipo walipozuka Steven Murdoch na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Januari 2010, kwenye mkutano wa wataalamu huko Tenerife, waliwasilisha andiko lililoutaja mfumo huo kuwa mfano wa namna uthibitishaji usivyopaswa kubuniwa. Uingereza, nchi yao, ilikuwa imeanza kudai PIN madukani tangu Februari 2006, wezi wakahamia mtandaoni, na benki zikawafuata huko na kisanduku cha nenosiri. Wateja walikuwa wamefundishwa miaka yote kukagua anwani ya tovuti kabla ya kuandika siri yoyote. Sasa benki zilezile zilichomoza kisanduku ndani ya ukurasa wa duka, anwani haionekani! Tapeli angeshindwaje kukiiga?

Kujiandikisha nako kulifanyika katikati ya manunuzi. Mteja aliyekuwa anahangaikia tiketi yake aliulizwa tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo hata jirani analijua, kisha akachagua nenosiri na kukubali masharti mapya bila kuyasoma. Benki moja ilithubutu kuuliza PIN ya ATM. Kwa maoni ya Murdoch na Anderson teknolojia ilikuwa mbovu, lakini hesabu za faida zilizipendeza benki na maduka, ndiyo maana ilifikia mamia ya mamilioni ya akaunti huku mifumo bora zaidi ikikosa watumiaji. Nami nakubaliana nao. Anderson, aliyefariki Machi 2024, alishikilia kwamba mfumo hulindwa vibaya pale anayeulinda asipokuwa yeye anayeumia.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 2016 EMVCo, shirika la pamoja la kampuni za kadi, lilitoa toleo la pili, ambalo hupima kimyakimya kifaa na mwenendo wa mnunuzi, na humsimamisha anayetiliwa shaka tu. India ilikuwa imelazimisha uthibitisho wa ziada tangu Agosti 2009. Kanuni ya Ulaya ya kudai uthibitisho kama huo ilianza kutumika Septemba 2019.

Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako watu walizoea PIN ya simu tangu M-Pesa ya 2007, mwenye kadi bado husubiri nenosiri la mara moja (OTP) kwa SMS, tena kwenye laini ambayo tapeli anaweza kuihamishia kwenye simu yake kwa kujifanya mwenye laini. Benki hutangaza sana usalama na kusema kidogo kuhusu atakayelipa fedha zikishaondoka. Sheria ya Ulaya ya huduma za malipo imetamka kwamba rekodi ya matumizi ya kadi, peke yake, si lazima itoshe kuthibitisha kuwa mteja aliidhinisha malipo. Ningependa kukisoma kifungu cha namna hiyo kwenye fomu za kadi za hapa, kwa Kiswahili, na kwa herufi zinazosomeka.